Swali Lililoulizwa Mara Moja

Niliingia wa tatu, na wa tatu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Blessing, mwenzangu wa usaili, alikuwa ametoka muda si mrefu, akijifuta jasho la shingo kwa leso ingawa huku juu milimani kulikuwa na baridi. Alinibana mkono kidogo tulipopishana mlangoni, akaninong'oneza, "Wako poa. Wewe ongea tu."

Ofisi ya usharika ni chumba kidogo chenye meza moja na kabati la vitabu vya ubatizo. Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Mzee Loth, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye namwita baba mdogo tangu nikiwa mtoto ingawa hatuna undugu wa damu. Mama katibu, na daftari lake. Katikati yao alikaa Bwana Wilbard, mratibu wa ufadhili, aliyepanda asubuhi hiyo kutoka Same. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mzaliwa wa Dar es Salaam. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu hadi kwenye kamba na alikuwa hajui aviweke wapi.

Nafasi ilikuwa moja. Miaka mitatu ya shahada ya ualimu, ada, malazi na vitabu, na ukimaliza unarudi kufundisha sekondari ya kanisa kwa mkataba wa kudumu. Hutolewa kila baada ya miaka mitatu, kwa mtu asiyezidi umri wa miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa na ishirini na tano. Hesabu hiyo nilikuwa nimeifanya mara nyingi kitandani, na kila mara ilinipa jibu lile lile.

"Yudith Tumainieli," alisema Bwana Wilbard akisoma kwenye kompyuta. "Stashahada ya ualimu, kemia na baiolojia. Umemaliza miaka mitatu iliyopita. Sasa hivi unafanya nini?"

"Najitolea shule ya kata."

"Wanakulipa?"

"Wananipa ya sabuni."

Mama katibu alitabasamu. Bwana Wilbard aliniuliza kuhusu maabara yetu, nikamweleza kwamba maabara ni kabati, na kwamba tunachemshia kwenye jiko la mkaa. Nilimweleza vile wanafunzi wanavyonyamaza wote kwa pamoja maji ya kabichi ya zambarau yanapobadilika rangi kwa tone la limau. Mimi si mwongeaji, lakini siku hiyo niliongea. Nilisikia sauti yangu ikitoka vizuri, nikashangaa.

Akaegemea kiti. "Sikufichi, Yudith. Matokeo yako ni mazuri kuliko ya wenzako wote wawili. Basi nikuulize moja kwa moja. Tukikupa nafasi hii, utaichukua?"

Nikatazama mikono yangu.

"Nashukuru sana," nikasema. "Lakini naona mimi bado. Wapo wenzangu wanaostahili zaidi."

Kisha nikangoja.

Bwana Wilbard alinitazama kwa muda. Mzee Loth alikohoa. Mama katibu aliinua kalamu, akaishusha.

"Nashukuru kwa ukweli wako," alisema Bwana Wilbard taratibu. "Wengi hawana moyo wa kusema hivyo." Akaandika kitu, vidole vikienda haraka, akafunga kompyuta. "Basi, wazee, nadhani tumemaliza."

Nilisimama kwa sababu wao walisimama. Nilifika hadi kwenye mti wa kengele nikiwa bado nadhani nitaitwa.

Nyumbani kwetu tumelelewa hivyo. Ukikaribishwa chakula kwa watu, unasema umeshiba, hata kama tumbo linaunguruma na kila mtu anasikia. Mwenye nyumba anakukaribisha tena, hapo ndipo unanawa. Ukipewa kitu kikubwa unasema wapo wengine, aliyekupa anarudia, ndipo unapokea kwa mikono miwili. Mzee Loth mwenyewe alipochaguliwa kuwa mwenyekiti alisimama mbele ya kanisa zima akasema hafai, yeye ni mkulima wa tangawizi tu, watafute msomi. Watu wakacheka, wakamchagua mara ya pili, akaketi kwenye kiti ambacho mkewe alikuwa ameshakitengenezea mto. Hakuna aliyemwona mnafiki.

Mama alikuwa anageuza tangawizi kwenye turubai nilipofika.

"Wamesemaje?"

"Wameuliza vizuri."

"Na wewe?"

"Nilisema wapo wanaostahili zaidi."

"Vizuri," alisema mama, akaendelea kugeuza. Baada ya muda akainua kichwa. "Halafu?"

"Halafu wakafunga."

Mama alisimama na kipande cha tangawizi mkononi. "Hawakurudia?"

"Hawakurudia."

"Loth alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Hakusema neno lingine hadi jioni, na jioni alisema tu kwamba chumvi imeisha.

Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, walisoma jina la Blessing. Wanawake walipiga vigelegele. Blessing aliinamisha uso, mama yake akaanza kulia palepale kwenye benchi, kilio cha kweli, mabega yanatikisika. Mimi nilipiga makofi. Mama yangu alipiga makofi. Mtu wa nyuma yangu aliniambia Mungu ana wakati wake, na nilitamani angenyamaza.

Mzee Loth alinisubiri njiani, pale mfereji unapokatiza barabara.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Aligusa maji kwa ncha ya fimbo. "Nilijua ulichokuwa unamaanisha."

Nilitazama maji yakizunguka fimbo.

"Nilingoja mgeni arudie. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza, mimi ningeingiliaje? Ningesema, ningeonekana namfundisha kazi yake mbele ya vijana." Akaitoa fimbo majini. "Tulipotoka nikataka kumwambia. Akawa anaharakisha gari, wingu lilikuwa limekaa vibaya."

"Si kitu, baba mdogo."

"Ni kitu," alisema. Lakini aliniacha nipite.

Jumatano niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikashuka Same na lori la tangawizi. Tulipopita kijiji cha Kisiwani, kule bondeni, joto liliingia dirishani kama mtu amefungua tanuri. Njia nzima nilirudia sentensi moja: niliitaka ile nafasi, naitaka bado. Nilijaribu kuisema kwa sauti ya kawaida. Dereva aliniuliza kama naimba.

Nilikuwa nimemwambia Naishorua anisubiri stendi. Tulilala chumba kimoja chuoni miaka miwili. Kwao ni bondeni, watu wa ng'ombe, na stashahada yake ni sawa na yangu. Sasa anauza maziwa kwa madumu kwenye hoteli za mjini, na huvaa shuka lake la buluu juu ya sketi ya chuo ambayo haijachakaa.

Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nyie Wapare," akasema. "Mtu anakupa ng'ombe, unamwambia akampe jirani."

"Sikumwambia akampe. Nilikuwa nangoja aulize tena."

"Mara ngapi? Tatu? Halafu umwagize na soda?"

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio nikiwa katikati yake. Naishorua aliangalia pembeni, akinipa nafasi ya kujifuta.

"Nenda kamwambie," alisema. "Mimi nimeacha kuomba, unajua. Tangazo la ajira likiingia kwenye simu nafuta kabla sijasoma. Cheti changu mama amekifunga kwenye nailoni, kiko darini pamoja na mbegu. Lakini wewe hukuzaliwa kubeba madumu. Ndama mwenyewe unamwogopa. Nenda."

Bwana Wilbard alinikumbuka. Alinivutia kiti, akaniagizia maji. Niliisema ile sentensi. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka yote.

Kisha akaigeuza kompyuta nisome mwenyewe. Chini ya jina langu alikuwa ameandika: mwombaji mwenye uwezo mkubwa, ila kwa kauli yake mwenyewe hayuko tayari kwa sasa.

"Mimi nilidhani unaniambia ukweli," alisema.

"Ilikuwa adabu. Kwetu unakataa kwanza, ukiulizwa mara ya pili ndipo unakubali."

"Hakuna aliyeniambia kwamba huko juu mnaulizwa mara mbili." Hakusema kwa ubaya. Alionekana kama mtu aliyegonga kitu gizani. "Jina limeshapelekwa kwa wafadhili, Yudith. Siwezi kulitoa. Utaratibu upo mmoja tu. Hadi Ijumaa saa sita mchana, kama aliyechaguliwa ataandika kwa mkono wake kwamba anaachia nafasi, wa pili anaingia. Na wa pili ni wewe. Sikushauri kitu. Nakueleza utaratibu."

"Na baada ya Ijumaa?"

"Baada ya Ijumaa ni miaka mitatu." Akatazama tarehe yangu ya kuzaliwa, akafunga kompyuta polepole.

Alhamisi jioni nilikwenda kwao Blessing. Nilikuwa nimejiambia kwamba simwombi, namweleza tu. Blessing si mtu mbaya. Tangu amalize chuo amejaribu kila mlango: alikaa kwenye kibanda cha miamala ya simu Kihurio hadi mwenye kibanda akafunga, aliuza vitenge, alikwenda kwenye usaili Moshi ambako watu walijaa uwanja mzima kwa ajili ya nafasi tano. Mimi pia nilikuwepo uwanjani hapo. Tuligawana chapati moja.

Uani kwao kulijaa wanawake wakimenya ndizi za karamu ya shukrani ya kesho.

"Shikamoo mama," nilimsalimu mama Blessing.

"Marahaba, mwanangu. Nilisema Yudith atakuja. Nilisema au sikusema?" aliwauliza wenzake. "Kisu kile pale. Kaa karibu na mimi."

Nikakaa. Nikamenya. Wanawake walimtania Blessing kwamba akirudi na shahada atawasahihisha jinsi ya kupika makande. Mmoja alisema asirudi na mkwe wa mjini asiyejua kushika jembe. Mama Blessing alicheka kuliko wote. Kwenye kamba nyuma yake kulikuwa na mashuka mawili mapya, ameshayafua, na sweta la kijani alilolifuma mwenyewe.

"Unajua, Yudith," aliniambia kwa sauti ya chini, "mwaka mzima nilikuwa siwezi kulala. Namsikia akijigeuza upande wa pili wa ukuta. Mtoto mzima, msomi, anajigeuza tu. Tangu Jumapili nasikia anakoroma." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono uliojaa utomvu wa ndizi. "Sikujua kwamba mkoromo unaweza kumfurahisha mtu."

Niliendelea kumenya. Utomvu ulikuwa umenata vidoleni mwangu, mweusi.

Nilipoaga, Blessing alinisindikiza hadi kwenye kijito. Alisimama upande wake wa maji, mimi nikavuka.

"Yudith. Ulikuja na neno?"

"Hapana. Nilikuja kusaidia."

Hakuondoka. Blessing ni wa hukuhuku. Nyumbani kwao wanakaribisha kama tunavyokaribisha sisi. Aliangalia chini, akachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu, akainua uso, na nikaona kwamba anajua. Labda mama katibu alisema. Labda alikuwa amejua tangu siku ile ya usaili, alipokuwa bado nje akaniona natoka mapema kuliko nilivyotakiwa.

"Nakuuliza tena," alisema. "Kweli huna neno? Kama unalo, liseme. Nitalisikia."

Maji yalikuwa yanapita kati yetu, kidogo tu, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Kutoka uani kulisikika mama yake akiita mtu alete karai. Niliifungua ile sentensi kichwani, ikawa nzima, hakuna neno lililopotea. Ilihitaji tu mdomo. Nilimtazama Blessing akiwa amejikumbatia kwa mikono miwili, anangoja, uso wake umekwisha rangi, na nikajua kwamba nikisema ataandika. Usiku huohuo angekaa mezani na kuandika.

"Sina," nikasema. "Nenda ukasome."

Alilia, akavuka maji na viatu vyake, akanishika. Mimi sikulia. Nilimwambia viatu vitaharibika.

Ijumaa saa sita mchana nilikuwa darasani. Nilijua ni saa sita kwa sababu kengele ya chakula iligongwa, na wanafunzi walitoka mbio, na mimi nikabaki nafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Mama hajaniuliza nilikwenda kusema nini kwao Blessing. Siku hizi ananiambia kuhusu bei ya tangawizi, na kuhusu shangazi yangu wa Kihurio mwenye majaruba ya mpunga, anayehitaji mtu wa kumsimamia vibarua. Anasema kwa mbali, kama anayeongea na kuku. Namjibu kwamba nitafikiria. Kwenye mfumo wa ajira za serikali niliomba tena wiki iliyopita, mara ya tano. Nilipanda hadi kilimani kutafuta mtandao, nikabonyeza, kiduara kikazunguka, nikashuka bila kujua kama maombi yamefika.

Blessing aliondoka Jumanne. Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mwenzangu wa kujitolea, Sadock, aliyekuwa anafundisha fizikia, ameacha; ameenda Moshi kuuza bima kwa kamisheni. Mwalimu mkuu alinisogezea ratiba, vipindi vya fizikia vimezungushiwa kalamu nyekundu, kumi na viwili kwa wiki.

"Fizikia sikusomea, mwalimu."

"Najua," alisema, tayari anatafuta karatasi nyingine. "Lakini wewe si upo?"

Nikachukua ratiba. Nikasema nipo.