Tisini na Tisa

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, maana mwisho wake mtamlaani.

Mwaka juzi shule yake ilishika mkia katika mtihani wa wilaya wa darasa la nne. Afisa elimu akamwambia mbele ya wenzake kwamba shule ya kushika mkia haina haja ya kuwepo. Mama wa watu akakosa raha. Shule ile aliikuta na chumba kimoja cha udongo, akahangaika nayo mpaka ikawa na madarasa saba ya bati. Ikifungwa, watoto wangetembea mwendo wa saa mbili hadi ng'ambo ya mlima, na wadogo wasingekwenda kabisa.

Basi akafanya wanachofanya wakuu wengi na hakuna anayekitaja kikaoni. Alipita kwa wazazi wa watoto sita waliokuwa wakivuta wastani chini, akawaomba wawapumzishe nyumbani. Hakuna aliyebisha. Mwalimu akisema mtoto ni mzito, wewe mzazi utasema nini? Ni mzazi mmoja tu, mponda kokoto, aliyeuliza, "Apumzike mpaka lini, mwalimu?" Binti yake alisoma kwa kufuatisha kidole na kuchezesha midomo, lakini mpaka hapo hakuwa amekosa shule hata siku moja.

Wastani ukapanda, shule ikawa ya nne. Mwalimu mkuu alilia kwa furaha ofisini, mlango ameufunga.

Afisa elimu akaja na pongezi, na waraka mpya mfukoni: shule yenye wanafunzi chini ya mia inafungwa. Akahesabu vichwa, darasa kwa darasa. Tisini na wanne.

"Wako wengine sita," mwalimu akasema. "Wako majumbani."

"Niwaone kabla ya saa sita mchana. Nina safari."

Walimu wakatawanyika, watano wakapatikana. Yule binti mwalimu mkuu alimfuata mwenyewe machimboni. Alimkuta ameketi juu ya gunia, nyundo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Binti akasimama upesi, akajipangusa sketi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo twende shule."

Binti alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili baba yake, aliyekuwa akiponda kando, aliposema, "Karibu, mwalimu. Safari hii mtihani atafanya?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Mwalimu alifungua kinywa alitoe, akaukumbuka wastani.

"Aje ahesabiwe kwanza," akasema.

Mponda kokoto hakukasirika. Heri angetukana.

"Kaa, mama," akamwambia binti yake.

Binti akamtazama mwalimu, akingoja aseme neno. Mwalimu alikuwa anatazama saa. Binti akaketi, akashika nyundo.