Liwa ya Bahia

Nyumbani kwa Anli, pale Ambondrona kisiwani Nosy Be, ubani ulifukizwa uani. Kila Ijumaa majirani walimwona dada yake, Koulsoum, akitoka na chetezo hadi kando ya kisima, akakifukiza kisima na kuku wake, kisha akarudi ndani yeye ananukia na nyumba hainukii. Walimcheka. Wengine walisema bibi huyu wa Mahajanga akili hazimtoshi. Hawakukosea sana, ila wazimu wake ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilitundikwa chumbani mwake, imefunikwa kitambaa cheupe: ubao mmoja uliochorwa Bahia, mwanawe wa pekee.

Aliyemchora ni baba yake, Boinali, fundi wa kuandika vibao vya maduka mjini Mahajanga. Alimchora akiwa na miaka kumi na mmoja, wakati ambao rangi madukani zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Uso aliumaliza vizuri kwa rangi ya mafuta. Lakini Bahia alikuwa ameanza kujiona mwanamke, akadai achorwe na liwa kama mama yake, yale manjano ya msandali ya kujipaka usoni ambayo Wangazija huyaita msindzano. Rangi ya manjano haikuwepo. Boinali hakusumbuka. Alichukua jiwe la tumbawe la mkewe, akasaga msandali wa kweli, akaukoroga na maji ya gundi, akampaka binti yake wa ubaoni juu ya uso uliokwisha kukauka. Picha ikawa inanukia.

"Siku ya harusi yake nitaleta kitambaa kibichi," Boinali aliwaambia, "niifute liwa hii mbele ya watu, wamwone bibi harusi. Mpaka siku hiyo, Koulsoum, jua lisimwone, moshi usimguse. Na maji hata tone."

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita Koulsoum alivuka kwenda Nosy Be kumwuguza mama yake. Nyuma yake Mahajanga ikaharibika. Wangazija kama wao waliuawa majumbani na barabarani, na wengi wa waliosalia wakapakiwa kwenye meli na ndege kupelekwa Komoro. Habari za Boinali zilifika mapema: amefia mlangoni pake. Za Bahia hazikufika. Mtu mmoja alidai kamwona bandarini, kashikwa mkono na mwanamke fulani. Mwingine akaapa kwamba alimwona juu ya meli kabisa, na gauni lake la kijani. Mama mwenye mtoto mmoja akipewa habari kama hiyo hachunguzi, hupokea kwa mikono miwili.

Baadaye jirani yao mmoja, mama wa Kimalagasi, aliuleta ubao umeviringishwa ndani ya mkeka. "Ndicho nilichoweza kukiokoa," alisema kwa lugha yake, akaanza kulia kabla ya Koulsoum.

Tangu hapo Koulsoum akawa mtumwa wa picha. Hewa ya Ambondrona ni chumvi tupu, hata misumari hailali salama. Aliikwepesha picha na ukuta wa upande wa bahari, akaitundika ule wa ndani, akapachika vizibo nyuma yake ili upepo upite. Vumbi aliliondoa kwa unyoya wa kuku, taratibu, pumzi ameibana. Wakati wa mvua aliupapasa ubao kwa nyuma kila asubuhi, kama mtu anayemshika mtoto shingo kutazama homa. Paa lilipovuja alimpisha Bahia kitandani, yeye akalala sakafuni penye matone.

"Dada, mimi nikiugua nitajichora," Anli alimtania. "Huenda nami nikapata wa kunitazama."

Koulsoum alicheka. Alimpenda nduguye kwa sababu hakumwambia hata siku moja kwamba wafu hawarudi. Na kwa nini amwambie? Bahia hakuwa mfu. Bahia yuko Komoro, amekua, ipo siku ataposwa na atakuja kuidai picha yake, na ataikuta liwa haina hata mkwaruzo. Kila msafiri wa Moroni alipewa salamu zake. Wote walirudi na jibu moja, kwamba wameuliza sana.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, maana lilimtia aibu. Uso wa mwanawe ulikuwa unamtoka. Mwaka hata mwaka, akifumba macho aliona manjano tu. Uso wenyewe ulikuwa pale pale chini ya liwa, dawa yake kidole kimoja kilicholowa. Mara nyingi alikilowesha. Alikiinua, akakisogeza hadi karibu na shavu la ubaoni, kisha akakifuta kwenye leso yake. Kuifuta liwa kungekuwa kukiri kwamba harusi haipo.

Mwaka wa themanini na nane Hadidja alirudi Mahajanga. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike katika mtaa wao wa zamani, naye alikuwa Komoro miaka yote hiyo. Aliposikia kwamba Koulsoum yu hai, alituma neno: aje, na asije peke yake. Koulsoum na Anli wakapanda meli ya mizigo. Njia nzima Koulsoum alisema, "Kaja naye. Kwa nini aniite, kama si kwamba kaja naye?" Anli alitazama maji.

Hadidja alikuwa peke yake. Alimkalisha Koulsoum mkekani, akaishika mikono yake yote miwili.

"Bweni Koulsoum," alimwita kwa heshima ya Kingazija, "mimi nilikuwa darini, niliona. Bahia hakufika bandarini. Alikuwa mlangoni na baba yake. Boinali alimlalia amkinge, wakaenda wote wawili."

Koulsoum akauliza kama mtu anayeuliza bei ya samaki, "Nani alimwosha?"

"Hakuoshwa. Hakuna aliyeoshwa. Nimeosha wafu maisha yangu yote, na wale sikupewa. Walitiwa shimo moja vile vile walivyo, na vumbi lao." Hadidja akasita. "Na liwa yake usoni. Asubuhi ile alikuwa amejipaka."

Koulsoum hakulia. Hakulia Mahajanga, wala melini.

Walipofika Ambondrona aliingia moja kwa moja jikoni, akachemsha maji na majani ya mkunazi, akayaacha yapoe mpaka yakawa vuguvugu, akatia kafuri. Aliishusha picha, akailaza juu ya kitanda cha kamba, kichwa upande unaostahili. Anli alikisikia kile kinukio akajua. Alisimama mlangoni akautazama ubao ambao kwa miaka yote hakuthubutu kuusogelea na kikombe cha chai.

"Dada, maji."

"Ni mwanangu," Koulsoum alisema. "Sitamwacha hivyo."

Akanuia. Akalowesha kitambaa, akaanza upande wa kulia. Kwanza chumba kizima kilinukia msandali, kama asubuhi za Mahajanga alipokuwa akisaga na Bahia akimvuta nguo apewe. Kisha manjano yakaanza kushuka, na chini yake ukatoka uso wa mtoto, mwembamba, midomo imebanwa kuzuia kicheko. Kidevuni palikuwa na kovu dogo. Boinali hakuliruka.

Kitambaa kikasimama. Kovu lile Koulsoum alilifunga mwenyewe kwa leso, siku Bahia alipoanguka ngazini, na alikuwa amelisahau kabisa. Alikuwa amesahau na wembamba wa uso. Miaka yote alikuwa akimngoja msichana wa uso wa mviringo, na mwenyewe hakujua amemtoa wapi. Hapo ndipo alipolia, akalia kwa sauti, huku mkono unaendelea kuosha.

"Ndiye?" Anli aliuliza.

"Ndiye. Mimi ndiye niliyekuwa namngoja mwingine."

Alimkausha kwa leso yake, kuanzia paji la uso kushuka chini. Beseni lilibaki na maji ya manjano, na maji ya kuoshea maiti hayamwagwi ovyo. Anli akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba kishimo cha kutosha beseni moja.

Koulsoum alitoka amelibeba. Akalitua, akakipima kile kishimo kwa shibiri, kama lipimwavyo kaburi.

"Kirefushe, Anli," alisema. "Bahia alikuwa mrefu."

Anli akalishika jembe tena.