Bata wa Mama Mkwe

Zamani maji yaliyotoka kiwanda kile cha sabuni na rangi yalikuwa makali, acha mchezo. Chura mmoja alijitosa mtaroni akatoka mweupe kama shati la bwana harusi, wenzake wakamkana mchana kweupe. Ndiyo maana fundi wa majitaka, ambaye wote walimwita Povu, alihangaika miaka mitatu akipanda matete na kupanga changarawe, hadi bwawa la kuchujia likatakata, akawa anachungulia humo kunyoa ndevu.

Sasa meneja alitaka kulifukia apate maegesho. "Majirani wakilikubali leo, libaki. Wakilikataa, kesho naleta kifusi."

Na msemaji wa majirani alikuwa nani? Mama mkwe wake Povu! Alifika siku hiyohiyo, siku ya wageni kiwandani, na bata kwapani, bata ambaye miaka yote alilikwepa bwawa kama nyumba yenye mbwa mkali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Maneno yako nayasikia tangu harusi. Leo nataka kumsikia bata."

Kila mwaka meneja hunywa glasi ya maji ya bwawani mbele ya wageni. Povu alijua ni ya chupa. Alimsihi safari hii anywe ya kweli, wapi! Tena bwana mkubwa aliyadondoshea manukato ya limau ya kiwandani, eti yanukie usafi.

Meneja akainua glasi. Bata akanyoosha shingo, akachovya mdomo, akapiga chafya iliyoilowesha tai ya bwana mkubwa.

"Bata kakataa," mama mkwe akatangaza.

Povu akaona matete yake yote yakizama kwenye kifusi. "Mama, hayo si ya bwawa langu!"

"Ni ya wapi?"

"Muulize mwenye glasi."

Bata hakungoja jibu. Alichoropoka kwapani, akatembea kwa madaha hadi bwawani, chubwi! Alikaa chini ya maji mpaka wageni wakaanza kuvua kofia. Mwishowe akaibuka na kipande cha tete mdomoni, kama mtu aliyeshiba anayetafuta kijiti cha meno.

"Hapo sawa," bibi akasema. Akaitwaa glasi, akachota maji bwawani, akampa meneja. "Haya baba, zamu yako."

Meneja akafumba macho, akanywa.

"Yana ladha gani?" bibi akauliza.

"Ya... maji."

Kesho yake kifusi kililetwa kweli, maana kilikuwa kimeshaagizwa. Povu akakitandaza kuwa njia, kutoka kwa mama mkwe hadi bwawani, upana wa bata wawili.