Kofia Tatu za Ninian Tweedie

Baridi ya mwaka ule Edinburgh haisimuliki na mtu mwenye haya. Mbwa walibweka kwa zamu ili wapumzishe meno, na paka wa kasisi alionekana amekumbatiana na panya, wote wawili wanatetemeka, vita vyao vimeahirishwa. Ziwa la Duddingston lilikuwa limeganda ngangari, na kwa Ninian Tweedie, fundi kofia wa mtaa wa Canongate, hakukuwa na habari nyingine duniani.

Ninian alitaka kuingia chama cha watelezaji wa barafuni. Masharti yalikuwa mawili, na hakuna aliyethubutu kuyabadili. Kwanza, uchore duara kamili kwenye barafu kwa mguu wa kulia, kisha jingine kwa mguu wa kushoto, mwisho wa mstari ukutane na mwanzo wake. Pili, uruke kofia: moja, halafu mbili zilizopandana, halafu tatu. Anayeshindwa mara tatu harudi tena mpaka anakufa. Ninian alishashindwa mara mbili. Majira yaliyopita aliiangukia kofia ya juu akaigeuza chapati.

Asubuhi hiyo mkewe, Bethia, alipiga magoti ukingoni mwa ziwa akimfungia mikanda ya vyuma vya kutelezea.

"Ukianguka leo usije kunililia nyumbani."

"Sianguki."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, ukala uji umesimama wiki mbili."

"Mwaka jana barafu ilikuwa na kinyongo na mimi."

"Barafu ina kinyongo na makalio yako, bwana. Lete mguu wa pili." Akaukaza mkanda kwa meno, na Ninian akajua kwamba naye hakulala usiku kucha.

Wanachama walikuwa wamekusanyika, nishani shingoni, pua nyekundu kama pilipili. Jaji Strachan, mwenyekiti, aliketi kwenye kiti kilichobebwa na watumishi wawili hadi katikati ya ziwa. Karibu yake alisimama katibu, Gilbert Moncur, kijana wa watu wakubwa aliyeteleza kwa madaha kama anayetembea juu ya siagi.

"Fundi," Moncur akasema, "tumekuja mapema leo. Tulitaka nafasi nzuri ya kuona."

"Kuona nini, bwana Moncur?"

"Mwisho wako."

Wakacheka. Ninian akaondoka zake kwa mguu wa kulia. Aliegemea upande wa nje wa mguu, ukingo wa chuma ukauma barafu na kulia kama kitambaa kinachochanika, na duara likajifunga lenyewe, mstari juu ya mstari. La kushoto likatoka zuri kuliko la kulia. Jaji aliinama kwenye kiti chake, akalitazama, akaguna. Guno la Jaji Strachan lilikuwa sifa. Wapo waliolisubiri miaka kumi.

Kofia ya kwanza aliiruka kama anayevuka kizingiti. Mbili akazipita, ncha ya koti ikizipangusa. Ndipo Moncur alipoivua ya kwake, akaiweka juu ya zile mbili, na Ninian akaona alichojifanyia kwa mikono yake mwenyewe.

Desturi ilikuwa kwamba kofia hutoka vichwani mwa wanachama. Na vichwa vile vyote vilikuwa vimevishwa kofia na Ninian. Tangu kofia za pembe tatu zianze kupitwa na wakati, kila bwana aliyeingia dukani aliambiwa, "Mheshimiwa, urefu wa kofia ndio urefu wa heshima." Kila majira Ninian aliongeza upana wa dole gumba. Mabwana wakashindana, yeye akashona. Sasa tatu zilizopandana zilimfika kiunoni.

"Kazi yako nzuri sana, fundi," Moncur akasema. "Imesimama kama mnara wa kanisa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ninian akarudi nyuma hatua ishirini, akaja mbio moja kwa moja kama wanavyokuja wote. Mnara ukamjia, ukakua, ukamtazama. Kiasi cha mkono mmoja kabla ya kuufikia akapinda pembeni.

"Hajaruka," Bethia akasema kwa sauti kutoka ukingoni, kabla mtu hajafungua mdomo. "Asiyeruka hajaanguka."

"Mama yule asema kweli," Jaji akasema. "Ajaribu tena, mara moja tu."

Kule kupinda kulikuwa kumemrudisha Ninian juu ya duara lake la mguu wa kushoto, na mguu ukaukumbuka mstari wake. Akauacha uende. Akaegemea nje, zaidi, mpaka sikio likakaribia barafu, na kasi ikamkusanyikia chini kama maji yanayotafuta mdomo wa mtungi. Alipofika kwenye mnara hakuruka, alirushwa. Duara lilimtupa juu huku bado linazunguka, naye akazunguka nalo hewani. Aliona kilima, akaona kanisa, akamwona Bethia, akaona kilima tena. Bethia anaapa kwamba yeye alipiga chafya mbili na mumewe alikuwa bado hajatua.

Alitua kwa mguu wa kulia, kinyumenyume, mikono imetanda, akaenda hivyo mpaka karibu na matete. Kofia tatu hazikutikisika hata unyoya.

Ghasia ikazuka.

"Haikubaliki," Moncur akasema. "Amezipa mgongo."

"Kanuni inasema azivuke," mwingine akajibu. "Haisemi aangalie wapi."

"Huko si kuruka, ni kupeperuka."

"Basi peperuka wewe tukuone."

Moncur alikuwa na kiburi lakini hakuwa mwoga. Akaja kwa duara, akajirusha, akatua chali miguuni mwa mwenyekiti. Wa pili akajaribu, wa tatu, wa nne, mpaka ziwa likajaa mabwana wanaojipapasa migongo. Moncur akamshika Ninian mkono.

"Unaanza kuegemea wapi? Nionyeshe, polepole."

"Hapana," Jaji Strachan akasema. "Kanuni ya tisa. Mwanachama hafundishwi barafuni na mtu wa nje."

Wote wakatazamana. Ninian alisikia moyo wake ukigonga vifungo vya koti.

"Basi hakuna njia," Jaji akaendelea, "ila asiwe mtu wa nje." Akavua nishani yake mwenyewe, akamvisha Ninian, akawaamuru watumishi wamfungie yeye mwenyewe vyuma vya kutelezea. "Haya, ndugu Tweedie. Nina ugonjwa wa jongo mguu wa kulia. Natuaje?"

"Kwa wa kushoto, Mheshimiwa. Tutazunguka upande wa pili."

Ukingoni Bethia aliketi chini ghafla kwenye theluji, akicheka na kulia kwa pamoja, huku mumewe akimshika Jaji kiuno na kumwambia aegemee.