Upepo Haujajaa

...na upepo haujajaa bado, mshale umelala kule chini kwenye wekundu, alamu inalia ndani ya kabini kama mbu aliyeingia sikioni, na hakuna la kufanya ila kukanyaga mafuta kidogo na kungoja, kwa sababu lori lililolala muda mrefu haliachii breki mpaka mitungi yake ijae upepo, hilo Bi Chuma alilijua kama anavyojua kupumua, maisha yake yote ya usukani alikuwa akiungoja upepo huku anapiga soga na anachokonoa meno, lakini asubuhi hii kungoja kulimkaa kifuani, maana mshale ukishapanda hatakuwa na kisingizio, itabidi atoe breki, aingize gia, na mguu wa kulia, huu huu, ufanye kazi yake... akauangalia. Ulikuwa umekaa juu ya pedali kama mguu wa abiria fulani aliyeomba nafasi karibu yake. Akakunja vidole ndani ya kiatu, kidole gumba kikaitika, cha pili kikaitika, cha tatu kwa shingo upande, viwili vya mwisho kimya, na ukingo wote wa nje wa unyayo kimya, tangu siku ile alipozinduka baada ya upasuaji wa mgongo na daktari akamwambia mshipa ulibanwa muda mrefu, mama, hisia zitarudi taratibu, au zitarudi kiasi, na yeye akalishika lile la taratibu, hili la kiasi akajifanya hakulisikia, na wiki iliyopita alipokwenda kupimwa kama anafaa kurudi barabarani akausukuma mkono wa daktari kwa unyayo kwa nguvu zote, daktari akacheka, akasema nguvu ipo, je, ganzi? naye akasema imekwisha. Imekwisha! Kwa wepesi wa mtu anayekataa kuongezewa chai. "Bi Chuma, mbona umenyamaza hivyo?" Huyo Kijiko, kwenye kiti cha pembeni, dereva mwenzake aliyelishika lori hili miezi yote Bi Chuma alipokuwa kitandani, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu hakuna sufuria ya wenzake ambayo hajaionja, na leo tajiri kamtuma apande naye, eti kumsindikiza tu, kana kwamba mtu husindikizwa kwenye gari lake mwenyewe. "Nasikiliza injini," akasema. "Injini nzima hiyo, nimekutunzia kama yai." Kakutunzia, ndiyo, na kiti kakishusha, na vioo kavigeuza, na kabini inanuka marashi ya Kijiko, na yeye alipopanda ngazi zile tatu, ngazi alizokuwa akizipanda na mtoto mgongoni enzi zile, alishika vyuma kwa mikono miwili akajivuta, na pale pale kiunoni maumivu yakapiga hodi, hayajaingia, yamesimama tu mlangoni na mizigo yao, na uso wake ukataka kujikunja akauzuia, kwa sababu chini pale tajiri alikuwa anatazama, na bado anatazama, yule kasimama karibu na geti na kikombe mkononi, mtu mwema tu, hakuacha kuja kumwona hospitali, lakini jana alimwambia wazi, nyuma kuna saruji, tela imejaa, ukitoka nayo ukarudi salama gari ni lako kama zamani, ukiona huwezi hatugombani, Kijiko ataendelea... hatugombani! Ni kweli, hawatagombana, atarudi nyumbani kwa amani kabisa na kukaa karibu na cherehani ya mumewe, kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, mpaka afe. Mshale ukatikisika, ukainuka kidogo. Bado. Na njia aliyopangiwa ndiyo ile yenye mteremko mrefu unaoshukia darajani, ameushuka mara ngapi, hata usingizini angeushuka, gia ndogo, injini ikishika, breki kidogo, unaachia, breki kidogo, unaachia, saruji yote ile ikikupumulia kisogoni, lakini zamani mguu ulikuwa unamwambia, hapo nimekanyaga, hapo nimeachia, hapo nimegusa tu, na sasa nani atamwambia? Juzi tu alitoka chumbani mpaka sebuleni akakaa, akaanza kula, mjukuu wake akacheka mpaka chakula kikamtoka mdomoni, bibi, ndara yako moja iko wapi, akatazama chini, mguu wa kulia mtupu, ndara imebaki huko kwenye korido, ilimvuka njiani na mguu haukumwambia kitu. Akacheka naye. Watu wote mezani walicheka isipokuwa mumewe, aliyeinuka akaenda kuiokota, akapiga magoti akamvisha, bila neno, kama alivyomvisha soksi kila asubuhi tangu atoke hospitali, fundi wa nguo, mikono iliyozoea kuvisha watu... na leo alfajiri alimfunga kamba za viatu, akakaza, akauliza, hivi haikubani? Naye akasema haibani. Angejuaje kama inabana? "Umesikia habari ya yule wa tangi la mafuta?" Kijiko anasema kitu, kuhusu dereva fulani, kuhusu kona fulani, yeye akaitikia ehe, ehe, mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, kipo, kidonge kimefungwa kwenye kipande cha karatasi, kimoja cha vile vikali alivyokuwa akipewa na daktari wa maumivu, yule kijana mpole wa kumuuliza kila mara, kutoka sifuri mpaka kumi, mama, leo ni ngapi? na yeye siku ya kwanza akamjibu, kumi nilishaitumia kujifungua mapacha, mwanangu, kwa hiyo niandikie tisa, wakacheka wote wawili ingawa kucheka kulimchoma kama msumari, na kijana akampiga sindano za mgongo, akampa mazoezi, akampa vidonge, na akampunguzia vidonge kidogo kidogo mpaka vikaisha, akamwambia kwa sauti ya chini, hivi na usukani havikutani, mama, hata siku moja, na yeye akasema haiwezekani, mwanangu, mimi ni mtu mzima, kumbe kimoja kakiweka, hajui hata kwa nini alikiweka, au anajua. Kilikuwa cha leo. Akimeze sasa, wakati Kijiko anapiga domo, na watakapofika barabara kuu kiuno kitakuwa kimelainika na uso wake utakuwa umetulia kama uso wa zamani, na Kijiko atarudi kumwambia tajiri, mama yule ni chuma kweli, sasa ana hata skrubu nne za mgongoni, hahaha... na vidole vikaanza kuifungua ile karatasi, na hapo, bila kuitwa, moshi ukaja. Moshi wa jikoni. Ilikuwa mchana, alikuwa kakaa kwenye kiti chenye mto, kameza kile cha saa ile, maharage yako jikoni, mjukuu kalala kwenye mkeka pale pale sakafuni, na maji yakakauka, na maharage yakaanza kuungua, na yeye akaona. Hilo ndilo linalomtisha mpaka leo, kwamba aliona. Hakuwa amelala. Aliuona moshi ukitoka chini ya mfuniko, akauona ukitanda, ukishuka mpaka kwenye mkeka, akamsikia mtoto akikohoa, na moyoni mwake palikuwa patulivu, patulivu ajabu, akawaza tu, haya, kumbe moshi, moshi mwingi, na mtoto anakohoa, haya... na mumewe akaja mbio kutoka kwenye cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akamnyakua mtoto kwanza, kisha akarudi kuzima moto, kisha akasimama mlangoni akimtazama mkewe, na mkewe akatabasamu. Alitabasamu! Mtu yule aliyetabasamu ndiye anayetaka kumkabidhi mteremko, na daraja, na wale watoto wa shule wanaovukia pale chini na mabegi makubwa kuliko migongo yao, atawaona vizuri kabisa, atasema haya... vidole vikaacha karatasi. Akavifunga kwenye usukani. Kwa hiyo bila kidonge, basi, na maumivu yaingie yakae, anayajua hayo, wamelala kitanda kimoja miezi, lakini ganzi je, ganzi haina sauti, ganzi si ya kuvumilia kwa sababu hakuna cha kuvumilia, unaisubiri ije na kumbe imeshakuja, na mguu umeshateleza... alamu ikakatika. Ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mshale umesimama juu, mitungi ikapumua pshii. "Upepo tayari, Bi Chuma." Tayari. Tajiri kule chini akaweka kikombe juu ya ukuta, akaanza kulisukuma geti mwenyewe. Bi Chuma akaweka mkono kwenye kitasa cha breki, hakukivuta, akasema, "Kijiko, mguu wangu huu una sehemu hausikii," na sauti ilimtoka kavu, ya ajabu, ikawa ndogo kuliko alivyodhani. "Hausikii vipi?" "Hausikii. Vidole viwili na ukingo. Daktari nilimdanganya." Bi Chuma akashusha kioo, akatoa kichwa nje, kiuno kikamuuma vizuri, uso ukajikunja na akauacha ujikunje mbele ya kila mtu, akaita, "Tajiri! Nifungulieni tela!" Tajiri akaacha geti nusu wazi. "Unasemaje?" "Nasema tela ibaki! Leo naondoka na kichwa cha lori kitupu, nizunguke hapa hapa uwanjani, Kijiko aone, na kesho narudi kwa daktari!" "Na saruji je?" "Saruji apeleke mwingine!" Nani huyo aliyesema, alishangaa, apeleke mwingine, kayasema kweli au kayawaza, lakini tajiri alikuwa anamtazama kwa mdomo wazi, kwa hiyo kayasema, na Kijiko alikuwa ameshafungua mlango wa upande wake, anashuka, hatua zake zikaenda nyuma kwenye kokoto, krach krach, kufungua tela au kwenda kwa tajiri kuomba usukani, hakujua, hakugeuka kutazama, injini ikinguruma chini yake na lori halijasogea hata unene wa kidole, na hofu ilikuwa ile ile, haikupungua hata chembe, ila sasa haikuwa siri.