Ulezi wa Ofisi ya Kata

Jumanne asubuhi Recho alikuwa anachuja komoni, pombe ya kienyeji ya mahindi na ulezi, uani kwake, nje kidogo ya mji wa Tunduma, mtendaji wa kata alipoingia na mgambo wake. Sheria ya vileo inataka kilabu kifunguliwe saa kumi jioni, na tayari wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na kopo lake. Mtendaji, Lusubilo, hakupandisha sauti. Pipa lilipakiwa kwenye guta la magurudumu matatu, likapelekwa ofisi ya kata, na pombe yote ikamwagwa mbele ya mlango ili watu waone.

Enesi, binti yake Recho, alikuwa likizo. Anasoma uchumi kidato cha tano. Alilifuata guta mpaka ofisini ili arudi na pipa tupu. Ng'ambo ya barabara, kwenye grosari ya Gasper, baba yake, Yonathani, alikuwa ameshaanza kichupa cha pombe kali. Mgambo walipita hapo, wakasalimia, wakaenda zao.

Kesho yake ulezi uliota mbele ya ofisi. Kimea cha ulezi kinachotiwa kwenye komoni kikishasagwa na kupikwa hakioti tena, lakini huu uliota, ukapasua saruji ya ngazi, na ilipofika mchana ulikuwa unamfika mtu kiunoni. Alhamisi uliingia ndani. Mhudumu alifagia akiuzunguka. Lusubilo alisogeza meza yake dirishani, na waliofuata barua za utambulisho walipanga foleni katikati ya mashina. Mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kumwona ndugu yake, aliuliza kama ni mbegu ya muda mfupi. Afisa kilimo akapima kwa hatua zake, akaandika kwamba kilimo cha ulezi katika kata kimeongezeka.

Mkutano wa hadhara uliitishwa Jumamosi. Hoja ilikuwa moja: vilabu vyote vya pombe za kienyeji vifungwe, ili kata ikue. Enesi aliombwa aseme kwa niaba ya wanafunzi.

"Utawaambia nini?" Recho alimuuliza siku ya Ijumaa, huku anapeta mahindi.

"Nitawaambia asubuhi siyo saa ya kunywa."

Ungo ulisimama mikononi mwa Recho. "Godoro unalolalia bwenini limetoka kwenye lile pipa, Enesi. Nauli pia."

"Najua, mama. Na baba yuko wapi sasa hivi?"

Recho akaendelea kupeta, taratibu kuliko mwanzo.

Mkutano ulifanyika ofisini, watu wamekaa chini ya masuke, wengine wakifukuza ndege kwa kofia. Enesi alisimama, akashika shina moja.

"Shikamooni wazazi wangu. Mnasema kata haikui kwa sababu ya vilabu. Mimi naomba niseme ninachokiona. Mama yangu ananunua ulezi wa mkulima wa hapa hapa, kuni za hapa hapa, na machicha yanakwenda kwa nguruwe wa jirani. Vile vichupa vya grosari havinunui hata suke. Lakini kilabu kinamwagiwa, grosari inasalimiwa. Mimi sipendi pombe. Baba yangu namjua akiwa mzima kwa sababu ya picha tu. Kwa hiyo sheria ya saa kumi naitaka kuliko mtu yeyote hapa. Ila iwe saa kumi kwa wote."

Mwanamke mmoja wa nyuma alipiga kigelegele, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Gasper alijikuna shingo. Recho alikuwa amemkazia macho mwanawe kama mtu anayesikiliza habari njema kwa lugha anayojifunza.

"Hoja ya mwanafunzi imepokelewa," alisema Lusubilo.

Wajumbe walishauriana. Ikaamuliwa vilabu visifungwe, kwa sababu vikifungwa kata haitakuwa na komoni ya kumwaga, na takwimu za ulezi zitashuka. Atakayefungua kabla ya saa kumi atamwagiwa kama kawaida. Kuhusu grosari, mkutano haukusema kitu. Wenye vilabu waliruhusiwa kuuvuna ule ulezi, kwa sharti la kutoa sehemu kwa ajili ya uji wa shule ya msingi.

Jumatatu wanawake wa vilabu walikuja na visu vyao. Walipofika kwenye meza ya Lusubilo, yeye aliinua mafaili juu ili wapite. Kabla jua halijapanda Yonathani alivuka barabara. Hakuna aliyemwita. Alichukua kisu mkononi mwa mkewe, akaanza kukata masuke, mikono ikimtetemeka na jasho likimtoka, na akaendelea hivyo mpaka saa kumi. Halafu akaenda kwa Gasper. Enesi alimtazama akienda, akapiga hesabu ya saa alizokaa bila kunywa, akaona ni mwanzo.

Wiki iliyofuata uji wa shule ya msingi ulinukia barabara nzima, na mgambo walirudi uani kwa Recho saa tatu asubuhi, wakakuta wazee wameshakaa kwenye benchi. Mmoja alishika pipa, akasita.

"Mama, safari hii tukamwage wapi?"

Recho alimgeukia binti yake. Enesi alifikiri kidogo, kisha akawaelekeza kwenye uwanja mtupu nyuma ya zahanati, mahali pasipo na saruji.