Sifuri Kutoka Maskati

Zahran aliporudi kutoka Maskati, mwezi wa tatu wa 2007, alikuja na bahasha yenye habari nzuri mno. Muzna, mkewe kwa miaka thelathini, habari nzuri mno hakuziamini hata siku moja.

Alikuwa amekwenda kwa binamu yake Mazin, akapigwe picha na ile mashine inayohesabu kalsiamu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo. Ikiwa nyingi, moyo uko hatarini. Karatasi ilisema sifuri, na jina juu yake lilikuwa la Mazin.

"Nlitumia kadi yake," alisema Zahran. "Mgeni hapati nafasi upesi kule. Unajua."

Alijua. Nusu ya mtaa ilitibiwa Maskati kwa kadi za jamaa. Lakini sifuri? Mtu huyu ambaye akipanda ngazi za nyumba yao ya Mji Mkongwe husimama katikati, akajitia kutazama dirishani, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani? Kaka wa Zahran, Msabah, alikuwa na mtindo huohuo, na moyo ulimwondoa kabla hajafika sitini. Muzna aliogopa, na hofu ikamfanya mpelelezi.

Siku ya tatu aliitoa tena ile karatasi, akavaa miwani, akasoma kila kitu, hata asivyovielewa. Tarehe aliielewa. Akamkuta mumewe ngazini, palepale dirishani.

"Baba Arwa, tarehe kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Maskati. Nshakwambia."

"Tarehe kumi na mbili tulimsomea khitma Msabah. Mie nlikuwa napika biriani, na wewe ulikuwa humu humu unasoma. Umesafiri kesho yake."

Njia ya mwongo ni fupi. Zahran aliutazama ukuta wa jirani.

"Kipimo ni cha Mazin mwenyewe, cha kabla sijafika," alisema. "Mie nliingia chumba cha mashine, Muzna. Nikalazwa. Wakanambia nizuie pumzi, nikamkumbuka Msabah. Nikashuka, nikatoka."

Hasira zilimpanda Muzna, na huruma ikazifuata nyuma.

"Ukaniletea moyo wa mtu mwengine."

"Na wangu ukitoka mia tisa?"

"Bora niijue hiyo mia tisa kuliko kukusomea khitma na sifuri mkononi."

Muzna alimshika kiwiko, wakazimaliza ngazi polepole. Walipofika juu, Muzna alikwenda kutafuta pasipoti yake mwenyewe, aiweke pamoja na ya Zahran.